Ghala Lililokuwa na Joto

Niliolewa Kosele nikitokea Sori, katika ile miaka ya Uhuru ambapo mvua ilisahau msimu wake na ziwa likapanda hata watu wa kwetu wakahamisha nyumba. Mimi ni mtoto wa wavuvi. Kwetu nafaka ilitoka sokoni. Tuliibadilisha kwa samaki wakavu, tukaisaga, tukaila kabla haijapata nafasi ya kuharibika. Kazi ya kuiweka nafaka miezi na miezi ibaki vile ilivyokuwa sikuijua hata kidogo.

Mume wangu alirudi kazini kwenye mashamba ya majani chai huko Kericho wiki tatu baada ya kunileta, akaniacha na mama yake. Baba mkwe sikumkuta. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, na kaburi lake lilikuwa upande wa kulia wa nyumba kubwa, udongo wake bado haujashikana na nyasi. Pale nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mimi, mama mkwe, ambaye ndiye mke mkubwa, na mke mdogo wa marehemu, niliyemwita mama mdogo. Mama mdogo alikuwa ameingia dini ya watu wa Jumamosi. Hakuonja pombe, hakushika pombe, na siku ambayo mama mkwe alipika pombe yeye alichukua jembe lake akaenda shamba la mbali kabisa.

Mama mkwe alikuwa mpishi wa pombe anayejulikana. Kukiwa na matanga au harusi, watu walimtumia habari kutoka hata Oyugis. Lakini yeye mwenyewe aliniambia kwamba kupika si kazi. "Kupika hata mjinga hupika," alisema. "Kazi ni kuweka. Pombe mbaya huanzia ghalani."

Alikuwa na ghala dogo la peke yake, dero kwa lugha yetu: kikapu kikubwa cha fito, kirefu kama mtu mzima, kimekaa juu ya mawe, kina paa la nyasi unaloliinua kwa mti kama kifuniko cha chungu. Maghala mengine ya pale nyumbani yalisukwa yakaachwa wazi ili upepo upite. Hili lilikandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe ndani na nje, hata pasiwe na tundu la kupitisha sindano. Ndani yake hakikuingia chakula. Kiliingia kimea tu, yaani wimbi na mtama uliokwisha kuoteshwa na kukaushwa, tayari kwa kupikia.

Alinifundisha. Nafaka inaloweshwa siku mbili, inafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka itoe mizizi, kisha inatandazwa mwambani juani. Jioni inaingizwa ndani isipate umande. Ikikauka, usiiweke ghalani ikiwa na joto la jua. Iache ilale ndani ya nyumba ipoe, la sivyo itatoa jasho. Na kabla ya yote, iume punje kwanza. "Ikilia kati ya meno, imekauka," alisema. "Ikinyamaza, irudishe juani. Usimwamini mkono wako wala macho yako. Mwamini jino."

Mwaka wa pili wa ndoa yangu mama mkwe akaanza kuugua mgongo na kifua. Alikuwa ameahidi kumfanyia marehemu mumewe sherehe ya kumkumbuka baada ya mavuno, ukoo wote uje unywe nyumbani kwake. Akaona huenda asifike. Akaniita kitandani kwake akaniambia nitengeneze kimea mapema, chote, debe kumi na mbili, nikiweke, ili hata yeye akienda sherehe isikwame.

Nilikilowesha na kukiotesha vizuri. Kilipofika wakati wa kukausha, jua likakataa. Kila nilipotandaza, saa nane wingu lilitoka upande wa ziwa na mimi nikakimbia mwambani na mikeka. Siku tisa niliingiza na kutoa, niliingiza na kutoa. Mikono yangu ilichubuka. Siku ya kumi niliuma punje, ikanyamaza. Niliuma nyingine, ikanyamaza. Mama mkwe aliniuliza kutoka kitandani, "Inalia?"

Nikamjibu, "Inalia, mama."

Nilikimimina ghalani jioni ile ile, nikaziba ukingo wa paa kwa udongo kama alivyonifundisha. Nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine.

Haikupita wiki mbili. Asubuhi moja nilitoka kufagia uwanja nikaona mvuke unatoka kwenye paa la ghala lile. Mapaa mengine yote yalikuwa na umande, meupe, baridi. Lile peke yake lilikuwa kavu na linatoa moshi mwembamba, kama mtu anayepumua kwenye baridi. Niliukaribia nikidhani ni moto. Hapakuwa na harufu ya moto. Niliweka kiganja changu ukutani, nikakiondoa haraka. Ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua lilikuwa bado. Ni joto la mwili, kama ubavu wa ng'ombe au shavu la mtoto mwenye homa.

Sikumwambia mtu. Lakini wanyama walijua kabla yetu. Kuku waliacha banda lao wakawa wanalala chini ya ghala, kati ya mawe. Mbwa wetu, aliyekuwa na tabia ya kukojolea kila kitu, hakupita upande ule tena. Alizunguka nyuma ya nyumba, akisimama kila mara kulitazama. Na ukiweka sikio ukutani ulisikia kitu. Ilikuwa sauti ndogo sana, isiyokatika, kama mtu asiye na meno anayetafuna taratibu.

Siku ya nne mama mkwe alitoka ndani kwa fimbo kuota jua. Hakukaa mahali pake pa kawaida. Alikwenda moja kwa moja mpaka ghalani, akashika ukuta, akasimama hapo muda mrefu huku mimi nikiwa nimeshika ufagio bila kufagia. Kisha, akiniita binti wa Sori kwa lugha yetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja mgeni aliyefika:

"Nyar Sori, leta kigoda changu. Mzee amekuja."

Niliuliza, "Mzee yupi, mama?"

"Mzee wa nyumba hii. Alikuwa akiketi hapa hapa, ameegemea ghala hili, akingoja nimwonjeshe. Amesikia kimea kimeingia. Hakuweza kungoja siku yake."

Nilimletea kigoda. Akaegemeza mgongo wake mgonjwa ukutani, akafumba macho. Tangu siku ile hakukosa. Kila asubuhi alitoka, akaegemea, na alizungumza. Hakuwa akipiga kelele wala kulia. Alimweleza habari za shamba, za mtoto wake aliye Kericho, za ndama aliyekufa. Alinyamaza kama anayesikiliza jibu, halafu akaendelea. Na jambo lililonitia hofu zaidi ni kwamba alikuwa akipona. Kikohozi kilipungua. Mgongo ulinyooka. Wiki ya pili aliacha fimbo.

Mimi nilikuwa nakonda. Nilipita uwanjani nikiwa nimeangalia chini. Harufu ilikuwa imebadilika: mwanzo ilikuwa tamu kama uji, ikaja ikawa chungu, ikafika mahali ilikuwa kama pumzi ya mzee aliyekunywa na kuvuta tumbaku. Mimi sikumjua baba mkwe, lakini niliijua harufu ile. Wazee wote wa Sori walinuka hivyo.

Mama mdogo alivumilia mpaka siku aliyoona ukuta umevimba. Upande wa mashariki ulikuwa umetoka nje kama tumbo la mjamzito, udongo umepasuka nyufa, na kwenye nyufa mlikuwa na kitu cheupe kama nywele. Aliniita pembeni.

"Kuna nini mle ndani?"

"Kimea, mama."

"Kimea hakipumui, mwanangu."

Alikwenda kwa mke mwenzake. Niliwasikia. Hawakuwa na kawaida ya kugombana. Walikuwa wamegawana mume miaka ishirini na kumzika pamoja. Mama mdogo alisema kile kitu si mzee, ni shetani amevaa joto la mzee, na ghala lichomwe moto. Mama mkwe akamjibu, "Wewe ulimwacha ulipobatizwa. Mimi sikumwacha. Kwa nini akija asije kwangu?"

Kisha mama mdogo akasema polepole, "Basi tufungue tu. Kama ni yeye, hataogopa kuonekana."

Mama mkwe aliniangalia. Naamini naye alikuwa amechoka kutojua. Akakubali.

Tulifungua mchana, jua limesimama utosini. Tulipovunja udongo wa ukingo na kuinua paa kwa mti, joto lilitoka likatupiga usoni. Ndani kulikuwa giza. Mimi ndiye niliyekuwa mwembamba, na ndani ya moyo wangu nilijua ndiye niliyepaswa kuingia. Nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, mama mdogo akanipa koroboi iliyowashwa. Niliishusha kwa mkono ili nione.

Ikazimika.

Haikufifia wala kutikisika kama mwali uliopigwa na upepo. Ilizimika, kama mtu ameibana kwa vidole. Niliirudisha, mama mdogo akaiwasha tena. Nikaishusha. Ilipofika pale pale, chini kidogo ya ukingo, ikazimika. Mara ya tatu vilevile. Mwali ulikuwa mzima nje, na kila ulipovuka mstari ule usioonekana, ulikufa.

"Amekataa taa," alisema mama mkwe nyuma yangu.

Nikaingia bila taa. Nilitanguliza miguu, nikaning'inia kwa mikono, nikajiachilia. Kimea hakikuwa punje tena. Kilikuwa kimeshikana, kigumu juu kama ukoko wa ugali, na kilipopokea uzito wangu kikavunjika nikazama mpaka mapajani. Chini ya ukoko palikuwa wazi. Palikuwa na shimo refu, laini, lenye joto, na nilipolipapasa kwa mikono lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala ubavu. Kuta zake zilikuwa na manyoya ya mizizi, nyororo kama ndevu.

Nilitaka kuwaambia. Nilivuta pumzi niseme, na pumzi haikuja. Hewa iliingia kifuani lakini haikunisaidia kitu, kama kunywa maji yasiyokata kiu. Masikio yakaanza kuvuma. Hapo nikasikia mtu anakohoa karibu na shingo yangu, kikohozi kikavu cha mwanamume, mara mbili. Baada ya hapo sikumbuki.

Kilichofuata nilisimuliwa. Mama mdogo aliona vidole vyangu vikishika ukingo, kisha vikiteleza. Aliita, sikuitika. Mama mkwe alisimama tu, mkono mdomoni. Mama mdogo, yule asiyegusa hata kibuyu cha pombe, alichukua jembe akaupiga ukuta uliovimba. Alipiga mara nne au tano, fito zikakatika, na ghala likapasuka na kumwaga kila kitu uwanjani, kimea na mimi. Alinivuta kwa mguu kutoka kwenye rundo lile, akanilaza upepo unapopita, akanipiga makofi mgongoni mpaka nikatapika.

Nilipofumbua macho niliona rundo linatoa mvuke. Katikati kimea kilikuwa cheusi kama makaa. Pembeni kilikuwa cheupe na kijani, kimesukana mizizi, kipande kizima kizima kama ngozi ya kondoo. Kuku walikuwa wamekizunguka lakini hakuna aliyedonoa.

Mama mkwe alipiga magoti karibu nami. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Umemwona?"

"Sikuona kitu, mama. Nimesikia mtu anakohoa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Aliketi chini kabisa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. "Mara mbili," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akifanya kabla hajaingia ndani kwangu. Ili nijue ni yeye."

Hapo ndipo nilipolia, na katika kulia nikasema yote. Nilisema kwamba punje hazikulia. Nilisema niliuma mbili zikanyamaza, nikadanganya kwa sababu ya uchovu, na kwamba yote haya ni maji niliyoyafungia ndani. Nilitarajia anifukuze. Sherehe ilikuwa imebaki mwezi na siku chache, na debe kumi na mbili zilikuwa zimemwagika uwanjani, zinanuka.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi ni wewe uliyemfungulia mlango." Mpaka leo sijui kama ilikuwa lawama au shukrani. Aliinuka akaingia nyumbani, na jioni ile kikohozi chake kikarudi.

Kesho yake nafaka ya kuanzia upya haikuwapo. Mvua ilikuwa imeozesha mavuno ya nusu ya Kosele. Aliyekuwa na wimbi aliuweka kwa ajili ya watoto na mbegu. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani, nataka kwenda kwetu Sori kuomba, ingawa nilijua kwetu hakuna ghala, mama mdogo aliponiita nyumbani kwake.

Alisogeza kitanda. Chini yake, kwenye pembe, kulikuwa na vyungu vinne vikubwa vimekaa juu ya mafiga, midomo imefunikwa kwa vigae na kuzibwa kwa udongo uliokwisha kuwa kama jiwe. Alikizibua kimoja. Juu kulikuwa na majivu yaliyochekechwa, kiganja kizima. Chini ya majivu kulikuwa na wimbi, mwekundu, mkavu, unateleza kama mchanga wa pwani ya ziwa. Haukuwa na mdudu hata mmoja wala harufu ya vumbi.

"Una miaka saba," alisema. "Niliuweka mwaka niliobatizwa. Ulikuwa wa kupikia pombe. Kanisani waliniambia niumwage na nikasema nimeumwaga."

Nilimuuliza kwa nini hakuumwaga.

Alifikiri. "Mbegu yake ilitoka kwa mama yangu. Nilisema nitaupanda. Halafu kila mwaka sikuupanda." Akanishikisha chungu. "Peleka. Mwambie umeutoa mahali popote. Sitaki kuusikia ukipikwa."

Nilidhani mbegu ya miaka saba haitaota. Iliota yote siku ya tatu, kana kwamba ilikuwa inangoja mlangoni. Jua lilitoka mfululizo siku kumi na moja. Vyungu vinne havikutosha kwa ukoo wote, kwa hiyo pombe ilikuwa kidogo na wazee walichovya mirija wakapokezana kabla hawajatosheka, lakini hakuna aliyelalamika kuhusu ladha. Mama mkwe alionja ya kwanza, akaweka ya pili kaburini. Aliishi mpaka msimu uliofuata.

Miaka baadaye, nilipohamia Migori mjini na mume wangu, tulichimbiwa kisima. Mchimbaji, kabla ya kushuka, aliteremsha taa kwa kamba. Nilimuuliza sababu. Akasema chini kuna hewa isiyo na uhai, taa ikifa na mtu atakufa. Na nafaka mbichi iliyofungiwa ndani, akasema, huizalisha hewa hiyo hiyo, na joto pia. Nilimshukuru. Nilifurahi kujua. Kuhusu kikohozi sikumuuliza, maana yeye alikuwa mchimbaji wa visima.

Lakini baada ya sherehe ile mama mdogo hakuachwa salama. Mtu aliuona wimbi, au alihesabu vyungu, na habari ikafika kanisani. Aliulizwa mbele ya watu akakubali kila kitu, hata ule uongo wa miaka saba. Wakamweka nje ya ushirika kwa muda. Jumamosi iliyofuata nilimwona anavaa nguo yake nyeupe kama kawaida, anachukua kitabu cha nyimbo.

"Si wamekuzuia, mama?" nilimuuliza.

"Wamenizuia kuingia," alisema. "Ukuta hawakuuzuia kupitisha sauti."

Nilifuatana naye. Tuliketi nje, chini ya dirisha, juu ya mawe mawili, na wenzake walipoimba ndani yeye aliimba nje, sauti ya pili, bila kukosea neno. Mimi sikujua maneno. Alinishikia kitabu karibu, akawa ananionyesha mstari kwa kidole.